Msiba Katika Duka Lisilolipa Kodi

Wiki jana niliwaacha na maiti juu ya kaunta yangu, na najua wapo miongoni mwenu waliolala vibaya. Poleni. Mimi nililala vibaya zaidi, maana kaunta ile ndiyo iliyokuwa kitanda changu.

Aliyepitwa nimvute mkono haraka. Mimi ni Chaquir, mchuuzi wa Palma, mtu ambaye bahati ikimwona njiani huvuka upande wa pili. Vita vya uhuru vilipopamba moto na wenye maduka wakakimbia, serikali ya Mreno ilitangaza neema. Atakayefungua duka ndani ya aldeamento, vile vijiji vya kuzungushiwa seng'enge, atapewa isenção, yaani msamaha. Halipi ushuru, halipi leseni, halipi kodi ya kichwa. Bati bure, saruji bure, na bidhaa zake zitaletwa na malori ya jeshi bila nauli.

Sharti lilikuwa moja tu: mlango wa duka usifungwe mchana. Ukifungwa, msamaha umekufa, na mwenye duka anahesabiwa kuwa ni mtu wa msituni.

Mke wangu Zaida alinionya. Alisema mtu akikuchinjia kuku bila sherehe, jishike shingo kwanza. Mimi nikasema wanawake hawajui biashara, nikajenga duka katika aldeamento ya kando ya barabara, jirani na Mute.

Basi lori la jeshi lililobeba sukari yangu likakanyaga bomu. Juu ya magunia alikuwa amekaa baba yake Zaida, Mzee Assane, aliyeomba lifti aje kumwona bintiye. Sukari iliyosalimika waliibeba askari. Mzee waliniletea mimi, amefungwa katika turubai.

Hapo ndipo tulipo. Asubuhi, maiti kauntani, na Zaida kasimama kichwani pake.

Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia. Alikuwa anamfuta baba yake uso kwa pindo la kanga, ule upande wa uso uliokuwapo, huku akinisemesha bila kunitazama. Baba yake azikwe leo hii, kwa sala na kwa watu, kule makaburini nje ya seng'enge alikolala bibi yake Zaida. Na duka lifungwe kama nyumba yoyote yenye msiba.

"Ukimwuzia mtu hata kibiriti baba yangu akiwa humu," akasema, "kesho utafute mke mwingine, naye umwombee msamaha wa kodi."

Mnanijua. Nimepoteza mashua, nimepoteza meno, nimepoteza hata ng'ombe ambaye sikuwahi kuwa naye. Yote nilicheka. Lakini Zaida ndiye kitu pekee maishani mwangu nilichokipata bila kudanganywa. Nikamwambia Germano afunge mlango.

Germano alikuwa mwenzangu dukani, Mmakonde wa kule juu Mueda, Mkristo, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Alijigusa paji la uso na kifua kwa ishara yao, akamwinamia marehemu, kisha akavuta mapande yote mawili ya mlango na kutia komeo.

Komeo halikudumu hata chai kuchemka.

Alferes Fernando, kijana mkuu wa kituo cha tropa, yaani askari wa Mreno, hakuwa na desturi ya kupiga hodi. Alipiga teke. Komeo liliruka likamgonga Mzee Assane kifuani, naye, maskini, hakulalamika. Alferes akauliza nani amefunga. Kabla sijafungua mdomo Germano akasema ni yeye.

Askari wake walikuwa na palmatória, kile kibao chenye matundu ambacho wengi wenu mnakikumbuka viganjani. Walimpiga palepale mbele ya kaunta. Walimpiga mpaka viganja vikaumuka kama maandazi, halafu wakamgeuzia upande wa pili wa mikono, ule wenye mifupa. Nikasema ni mimi niliyeamuru. Askari mmoja akanijibu kwa kitako cha bunduki, mdomoni. Jino nililimeza. Hilo nalo liliingia bila ushuru.

Kisha Alferes akajifuta jasho, akatueleza kwa upole kama mwalimu wa katekisimu. Leo anakuja mgeni, senhor kutoka kusini, bwana wa korosho. Anataka kujenga kiwanda cha kubangulia. Serikali imemwahidi makubwa kuliko yangu: ardhi popote atakaponyoosha kidole, miaka ya kutolipa kodi, na vibarua wa kuletewa mlangoni. Kilichobaki ni yeye kuona kwa macho yake kwamba huku biashara inastawi.

Na biashara iliyostawi toka Palma mpaka Awasse ilikuwa moja. Yangu.

Nikaelewa sasa yale mabati. Mimi nilikuwa chambo. Bwana wa korosho ndiye samaki, na mshipi ulikuwa mkononi mwa Alferes. Chambo nacho husamehewa kodi, nani amewahi kumtoza chambo?

Nikamwambia kuna msiba. Akamtazama Mzee Assane kama mtu anavyotazama gunia lililowekwa pasipo pake. Akaamuru marehemu apelekwe nyuma ya pazia, chumba cha akiba, mlango ufunguliwe, na mimi nicheke. Mgeni akishaondoka ndipo tutazika.

Zaida hakujua Kireno, lakini kidole kinachoelekezwa kwenye pazia hakihitaji mkalimani. Akasimama mbele ya kaunta, akaitandaza mikono. Askari akainua bunduki. Nikamkumbatia mke wangu kumtoa pale, naye akaniuma mkono mpaka meno yakakutana. Damu ikatutoka sote wawili, yangu mkononi, yake kwenye midomo, nayo pia ilikuwa yangu.

Ndipo nikapata akili, na akili zangu mnazifahamu. Nikamwomba Alferes nifungue pande moja la mlango, jingine nilifunge. Kwetu mlango wa namna hiyo ni tangazo: apitaye ajue ndani kuna maiti, aingie atoe pole. Sikumweleza hilo. Nilimwambia ni kwa ajili ya vumbi.

Akafikiri, akasema nusu wazi ni wazi. Marehemu walikwisha kumpeleka nyuma ya pazia, na Zaida amemfuata; nikaenda huko nikamwambia nusu imefungwa. Akasema haya. Siku ile nilifanya biashara yangu bora kuliko zote: mlango mmoja niliuza kwa watu wawili.

Tropa wakaleta makopo matupu ya samaki kutoka jikoni kwao, wakayapanga kwenye rafu, picha ya samaki ikitazama mbele. Duka likanona.

Na watu wakaja.

Waliona pande lile limefungwa, habari ikatembea nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaja na nyungo za mchele, unga, ndizi, mizigo ya kuni kichwani. Wanaume wakakaa barazani. Kila aliyeingia aliangua kilio mlangoni, akapita nyuma ya pazia, akatua alichobeba.

Gari la mgeni likafika katikati ya shughuli hiyo. Bwana wa korosho alikuwa mtu mwembamba wa miwani na fimbo, na nyuma yake mpiga picha mwenye mikoba. Akauona umati, akampiga Alferes begani. Alisema hajaona duka lenye wateja kama hawa toka atoke kwao.

Kisha akauliza kwa nini wateja wanaingia na vitu na kutoka mikono mitupu. Alferes, mtu aliyesema uongo kama wengine wanavyokunywa maji, akamjibu kwamba hawa hulipa kwa mazao.

"Na kwa nini wanalia?"

Alferes akanitazama mimi. Mimi, na pengo langu jipya, nikatafuta Kireno changu chote.

"Bei, senhor," nikasema. "Wanalilia bei."

Bwana wa korosho alicheka mpaka akavua miwani. Alferes akacheka. Askari, wasiojua kinachochekwa, wakacheka. Nami nikacheka, ndugu zangu, damu mdomoni, mkwe wangu nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeamriwa, lakini nisiwadanganye: kile kicheko kilinitoka chenyewe, maana neno lilikuwa zuri. Zaida alikuwa amenisikia.

Kicheko kilikatwa na mlio wa bunduki.

Kupitia lile pande lililo wazi niliona kila kitu. Mtu mmoja wa Mute alikuwa amekuja msibani kwa njia ya mashambani, bila guia, ile karatasi ya ruhusa. Alikuwa anapenyeza kapu lake chini ya seng'enge, na mlinzi akampiga risasi ya shingo. Akabaki ananing'inia kwenye miiba ya waya, miguu ikipiga mavumbi kama anayekimbia. Mchele ukamwagika. Kuku wakaja kabla hata miguu haijatulia.

Mgeni akauliza ni nini.

"Kanga," akasema Alferes. "Huku kanga ni wengi."

Mwanamke mmoja mlangoni akapiga ukelele, bila shaka alimjua yule mtu, na askari akamnyamazisha kwa kitako. Bwana wa korosho hakugeuka. Alinyoosha mkono kwenye rafu akachukua kopo la samaki. Lilikuwa jepesi. Akalipima kiganjani, akanitazama, akalirudisha taratibu, picha mbele.

Alijua. Nawaambia alijua. Ila mtu anayepewa ardhi bure haulizi kopo lina nini.

Akasema sasa angependa kuona viwanja. Jua lilikuwa limepita utosini, na Mzee Assane, samahani kwa wanaokula, alikuwa ameanza kudai haki yake kwa harufu. Nikamnong'oneza Alferes wazo jingine. Awaruhusu watu watoke na jeneza sasa hivi, mgeni aone jinsi wanakijiji wanavyotembea nje kwa amani. Makaburini ni juu kidogo, kuna upepo, ataiona nchi yote.

Alferes akapendezwa. Akaniita mfanyabiashara hodari.

Kumbukeni basi, ni mimi niliyempeleka yule bwana makaburini. Palmatória haikunilazimisha.

Mwalimu wa madrasa alisema mwili ule haufai kuoshwa, akamtayamamisha kwa mchanga safi. Sanda nilikata mwenyewe kutoka jora la dukani. Jeneza lilikuwa Mute, nje ya seng'enge, kwa hiyo Germano akasukuma kwa bega lile pande la mlango lililofungwa mpaka likang'oka, tukamlaza mzee juu yake. Sasa duka likawa wazi kabisa. Alferes akanipongeza tena.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Zaida alinisindikiza mpaka geti la seng'enge. Hakunigusa.

"Nimekisikia kicheko chako," akasema. "Nenda ukamzike baba yangu. Ukirudi ukaniambia amelala kama mtu, nitakuwa mkeo. Vinginevyo nitalala kwa jirani, na kesho nitarudi kwetu kwa miguu, mabomu yasimame au yalale."

Nikaenda.

Vijana wa Mute walikuwa wamechimba toka asubuhi, kwenye mwinuko wa mikorosho. Kazi imekwisha, wamekaa kando na majembe yao. Mmoja tu alibaki shimoni ampokee maiti, kajifunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi, kachafuka udongo mwili mzima. Nami kama mkwe nikashuka. Juu yetu watu wakatandaza shuka na kulishika pembe zote, kama ilivyo desturi, marehemu asitazamwe akishushwa. Nilimsikia bwana wa korosho anauliza shuka ni la nini, na Alferes akimjibu kwamba ni la jua.

Chini ya shuka mwanga ulikuwa mwekundu. Yule mchimbaji alimpokea mzee kifuani.

"Shemeji, usitazame juu," akasema. "Shika miguu."

Mtu mmoja tu duniani huniita shemeji kwa sauti ile. Sufo, mdogo wake Zaida. Alikuwa mpishi wa tropa kule Palma, mpaka siku alipoacha sufuria motoni, akavuka Ruvuma pale Namoto na kujiunga na wapiganaji. Hatukupata neno lake tena. Zaida alikwisha kumlilia kama maiti.

"Sufo."

"Shika miguu, nakwambia."

Tukamlaza babaye. Sufo akafungua vifundo vya sanda, akamwelekeza kibla, akamwekea shavu juu ya udongo kwa mkono mwepesi kama wa mama. Machozi yalikuwa yanachimba mifereji katika matope ya uso wake. Nikamwuliza kwa mnong'ono nani alimpelekea habari.

Hakuna aliyempelekea, akasema. Alikuwepo. Bomu lile alilitega yeye. Waliambiwa lori linaleta bidhaa za lile duka lililosamehewa kodi, na duka lile likivunjika hatakuja mfanyabiashara mwingine, wala kiwanda, wala mzungu wa kiwanda.

"Nilikuwa nalenga sukari yako, shemeji. Nikaona kofia ya baba juu ya magunia. Nikasimama majanini nikapunga mikono yote, lori lisimame. Baba akaniona. Akanipungia na yeye. Alifurahi."

Nikavuta pindo la sanda nikamfunika mzee miguu.

Juu ikasikika sauti ya Alferes. Alitaka kumwonyesha mgeni jinsi usalama ulivyo, kwa hiyo wachimbaji wote wajipange, kila mtu atoe guia na kufunua uso. Buti zikaja zikasimama ukingoni. Sufo hakuwa na guia, na hata angekuwa nayo, askari wale aliwapikia walipokuwa Palma. Walimjua kama wanavyozijua sahani zao. Angetoka pale, angeuawa palepale, na sisi tuliomfunika kwa shuka tungefuatana naye.

Wasiotujua niwaeleze: makaburi yetu yana shimo ndani ya shimo. Lile la ndani, mwanandani, ndimo anamolala marehemu, na juu yake tunapanga boriti ili udongo usimguse. Panabaki nafasi. Ndogo, lakini ni nafasi.

Sufo akaitazama. Kisha akajilaza ubavuni mwa baba yake, akamwekea mkono juu ya kifua.

"Panga boriti."

"Hapana, Sufo."

"Tropa hawakai makaburini, wanaogopa mabomu yetu. Wakishateremka tu, nifukueni. Panga, shemeji. Udongo utie juujuu."

Nilizipanga kwa mikono yangu, ule ulioumwa na ule mzima. Nilipoweka boriti ya mwisho niliona jicho lake linanitazama, halafu sikuliona tena. Nikatandaza jamvi. Shuka likaondolewa.

Alferes akauliza mbona niko peke yangu. Nikasema toka mwanzo nilikuwa peke yangu na mkwe wangu. Wachimbaji walijua. Kila mmoja wao alitazama vidole vya miguu yake, na hakuna aliyefumbua mdomo. Mungu awape heri wote.

Germano ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Viganja havikufumba, akalibana kwa vifundo vya mikono, na akatia udongo kidogo, kidogo, kama mtu anayetia chumvi mchuzi wa mgonjwa. Nikajua naye ameona. Tulifukia kwa adabu ambayo haijapata kuonekana pwani nzima. Mwalimu akasoma kwa haraka. Nikaanza kuamini kwamba tutashuka kilimani, tropa watangulie, na kabla ya magharibi Sufo atakuwa anakula wali wa dada yake.

Bwana wa korosho alikuwa amevua kofia, upepo unampepea. Akageuka pole pole. Akaitazama barabara chini, bahari kwa mbali, mikorosho iliyozunguka makaburi, imezaa mpaka matawi yameinama. Akainua fimbo, akaichomeka ardhini mbele yake.

"Hapa," akasema.

Alferes akamwambia hapa ni makaburi. Bwana wa korosho akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba alichoahidiwa ni popote. Popote pasipo na kodi, popote pasipo na malipo. Kama ahadi ya serikali ina mipaka, afadhali ajue mapema, arudi alikotoka na kiwanda chake.

Alferes akaitazama ile fimbo kwa muda mfupi kuliko ninavyolieleza jambo hili.

"Hapa, basi," akasema.

Mpiga picha akataka picha ya siku hiyo, bwana amesimama kwenye kiwanja chake. Ila lile tuta bichi lilimwudhi, alisema litaonekana vibaya gazetini. Alferes akatoa amri, na askari wakachukua majembe. Udongo wote tuliouacha pembeni wakausukumia shimoni. Kisha wakapanda juu, wakaanza kuushindilia kwa buti, bega kwa bega, kama watu wanaopiga sakafu ya nyumba mpya.

Mwalimu alisema ni haramu kukanyaga kaburi. Walimpasua kichwa, kilemba chake kikageuka rangi. Germano akajitupa juu ya kaburi kifudifudi. Wakampiga mateke ya mbavu, nikasikia moja inavunjika, nyingine, mpaka akabiringika mwenyewe. Hata hapo alinyoosha mkono wake uliovimba akauweka ukingoni, akanitazama.

Neno langu moja lingeuondoa udongo ule. Lingeuondoa, na Sufo angetolewa ili auawe juani. Nililishika neno lile kati ya meno yaliyobaki. Sijui hadi leo kama nilimwokoa yeye au ngozi yangu.

"Mfanyabiashara wetu aje," akasema Alferes.

Wakaniweka katikati, Alferes kulia, bwana wa korosho kushoto, sote juu ya udongo uliolala sawa. Mpiga picha akasema nicheke, maana picha hii itaonyeshwa kwa wenye viwanda wengine, wajue mtu anayefanya kazi na serikali anavyonawiri. Nikacheka. Na nilipokuwa nacheka nikahisi kitu kinagonga chini ya nyayo zangu. Labda ulikuwa moyo. Moyo wangu wakati ule ulikuwa umeshuka miguuni.

Nikajipa tumaini: tropa hawakai makaburini.

Kumbe wanakaa, kama ardhi ina mwenyewe. Alferes aliamuru vigingi vipigwe kuzunguka kiwanja cha senhor, na walinzi wabaki hapo mpaka asubuhi, watakapokuja wapima ardhi na tingatinga la kung'olea mawe ya makaburi. Mtu yeyote atakayesogea na jembe apigwe risasi bila kuulizwa. Tukashushwa kilimani kwa mitutu ya bunduki. Nilipogeuka, askari mmoja alikuwa amekaa penye kichwa cha kaburi, anawasha sigara.

Tulimbeba Germano. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kila pumzi yake nilimgawia yule wa chini.

Jua lilikuwa limeegemea mikorosho. Yule mtu wa Mute alikuwa bado yuko kwenye seng'enge. Zaida alitupokea mlangoni, na uso wake ulinishtua, maana ulikuwa unang'aa. Aliwaambia wanawake wamlaze Germano nyuma ya pazia, kisha akanivuta pembeni, akaushika mkono wangu aliouuma, akaanza kuuosha kwa maji ya vuguvugu bila hata kuuliza habari za maziko.

Akaninong'oneza kwamba mama mmoja wa Mute amemletea siri. Sufo yu hai. Amekuja kumzika baba. Vijana wamemwona makaburini kwa macho yao, na toka hapo yeye Zaida alikuwa anapika huku anacheka peke yake kama mwehu. Wali umeshaiva, amemwekea sehemu yake.

"Nimekusamehe na kicheko chako," akasema. "Mtu aliyemzika baba yangu bega kwa bega na mdogo wangu, nitamnunia nini? Ulimwona, Chaquir?"

"Nilimwona," nikasema.

Akaniachia mkono, akanishika uso kwa viganja vyake vyote viwili, na hapo ndipo machozi yaliyokataa toka asubuhi yakaanza kumtoka.

"Yuko wapi? Nipeleke."